Burulai Adai Banda Lisafishwe

Usiku ule Burulai alikanda unga, akajiambia kuwa ni wa mkate tu.

Haikuwa kweli, naye alijua. Unga wa mkate hautiwi siagi na maziwa kiasi kile, wala haukandwi kwenye beseni kubwa la sherehe. Ule ulikuwa unga wa boorsok, vile vimandazi vidogo visivyokosekana penye furaha. Lakini binti yake Sirga alikuwa katika chumba cha kujifungulia huko Narin, mbali milimani, na mwanamke mwenye akili zake hatangazi furaha kabla haijafika, hata kwa unga. Kwa hiyo kila alipoukunja alisema kwa sauti, "Mkate, mkate," ili kama kuna kitu kimejibanza kwenye kona ya jiko kinasikiliza, kisikie hivyo.

Simu alikuwa ameiweka dirishani, mahali pekee penye mtandao wa uhakika, ndani ya bakuli la bati ili ikilia itoe mlio wa kengele. Japar, mumewe, aliahidi kukesha naye. Alikesha mpaka chai ya pili, kisha akasema anajinyoosha mgongo kidogo, na sasa mgongo huo ulikuwa unakoroma chumba cha pili.

Mimba ya kwanza ya Sirga haikufika mwisho. Wakati ule Burulai ndiye aliyenunua kofia na soksi mapema, akazikunja vizuri na kuziweka kabatini. Hakuna aliyemlaumu, ila yeye mwenyewe hakuacha kujilaumu, na safari hii alipiga marufuku kila kitu. Nguo zisinunuliwe. Jina lisitajwe. Na asitokee mtu wa kuuliza beshik iko wapi.

Beshik ni kitanda kidogo cha mbao cha kubembezea mtoto mchanga. Kwa watu wao, anapozaliwa mjukuu wa kwanza, bibi mzaa mama ndiye anayeipeleka kwa wakwe. Mpya haikataliwi. Lakini ya zamani, iliyolea watoto wengi na wote wakainuka wakatembea, hiyo ndiyo inayotafutwa, na ya kwao ilikuwa ya namna hiyo. Japar alilala humo na kaka yake kabla yake. Sirga alilala humo, na watoto wa majirani walioiazima, na kila aliyeirudisha alifunga kitambaa kwenye mti wake wa juu kama shukrani. Burulai aliamini imo ndani ya banda la gari. Sehemu gani ya banda, hakujua, na tangu Sirga apate mimba hakuthubutu hata kuchungulia.

Kulipoanza kupambazuka bakuli likalia. Mkwe wake wa kiume alikuwa ameandika: Msichana. Wote wazima. Ana sauti kama ya bibi yake.

Burulai alisoma, akasoma tena, akalia kidogo, akafuta pua kwa kiganja chenye unga, kisha akaenda kumtikisa mumewe.

"Zawadi kwanza," alisema.

Hiyo nayo ni desturi. Anayeleta habari njema hudai zawadi, na anayeletewa hakatai, kwa sababu akikataa ni kama anaimwagia habari yenyewe maji baridi. Japar aliketi na macho yamefumba, akaanza kupapasa suruali yake sakafuni. Akamwambia achague mwenyewe: viatu, shali ya sufu, hata ile birika ya umeme aliyokuwa anasimama kuitazama dukani kila wakipita.

"Safisha banda," alisema Burulai.

Japar akafumbua macho yote mawili. "Shali zimeingia nzuri sana wiki hii," alisema.

"Banda, Japar."

"Ni mvulana au msichana?"

"Sema ndiyo kwanza."

Akasema ndiyo, angefanyaje. Ndipo akaambiwa ni msichana, akacheka, akamkumbatia mkewe na unga wake wote, na kwa muda mfupi alisahau alichokubali. Baada ya chai alikumbuka, akaanza kulalamika goti.

Kabla ya saa nne mkwe wao Sairakan, bibi mzaa baba wa yule mtoto, alipiga simu. Walipongezana vizuri, wakashukuru Mungu, wakaulizana habari za mifugo. Kisha Sairakan akasema, kwa ile sauti yake laini, kwamba sherehe ya kumlaza mtoto kwenye beshik itakuwa Jumamosi, na wasijisumbue, mkwe, barabara ni mbaya na mizigo ni mingi. Yeye ameona beshik moja sokoni, nyekundu, ina maua, na muuzaji amemwekea pembeni.

Burulai alilijua jiwe lililofichwa ndani ya ile pamba. Mwanamke asiyempelekea mjukuu wake beshik atatajwa Narin nzima, na binti yake ataishi ndani ya masimulizi hayo.

"Usihangaike, mkwe," alisema. "Yetu ipo. Imefunikwa vizuri, tunaileta."

Akakata simu, na uso wake ukawaka kama aliyeinamia tanuri.

Banda lilikuwa la matofali, lenye mlango wa chuma wa mabawa mawili uliokwama nusu kwa kutu. Lilijengwa kwa ajili ya gari, na gari lilikuwamo, ila mgeni asingelijua. Juu yake na pembeni yake kulikuwa na magunia ya sufu, chupa kubwa za kutilia achari, madirisha yaliyong'olewa shule ilipokarabatiwa, televisheni yenye kisogo kirefu, hatamu za farasi aliyekufa Sirga akiwa darasa la pili, mashine ya kuangulia vifaranga ambayo haikuangua hata kimoja, makopo ya rangi iliyokauka ikawa jiwe, na mkunjo mkubwa wa zulia la plastiki uliosimama wima kama mlinzi.

Burulai alichora mafungu matatu uani kwa kijiti. Hapa cha kubaki, hapa cha kugawa, hapa cha kutupwa. Bibi Zuura, mama yake Japar, aliwekewa kigoda juani kwenye mlango wa banda. Alitia kidonge cha jibini kavu shavuni na kuanza kazi ya kutetea kila kilichotoka.

Ulitoka ubao mmoja wa kutelezea thelujini, bila mwenzake. Burulai akautupa fungu la tatu.

"Huo nani kasema haufai?" aliuliza Bibi Zuura.

"Mama, ni mmoja. Nani ana mguu mmoja?"

"Bektash wa nyumba ya pili alikuwa na mguu mmoja."

"Bektash amekufa, Mama. Na hakuwahi kuteleza thelujini."

"Hakupewa ubao," alisema Bibi Zuura, na akahamisha jibini lake shavu la pili.

Siku ya kwanza ilikwenda hivyo. Jioni Burulai alisimama uani akaona fungu la kutupwa limepungua na la kubaki limenenepa, na yeye hakuwa amegusa. Alikaa kimya kwenye dirisha la jiko akatazama. Japar alitoka chooni, akaangalia huku na huku, akaichukua televisheni kifuani kama anambeba mgonjwa, akairudisha bandani. Alipoulizwa alisema ndani yake mna shaba. Alipoambiwa aitoe hiyo shaba, alisema shaba ni ya kungojea, bei itapanda.

Siku ya pili Burulai alitumia njia nyingine. Kila kilichotoka aliwagawia majirani papo hapo, kabla hakijatua chini. Lyuba wa ng'ambo ya barabara alikuja na toroli akachukua chupa zote za achari, akauliza na vifuniko. Mwalimu wa hesabu alichukua madirisha. Mashine ya vifaranga ilikwenda kwa mtu aliyesema yeye ana mkono wa kuangulia, na Japar akamtazama akiondoka nayo kama anasindikiza maiti.

Banda likaanza kupata sakafu. Hata hivyo Burulai, ambaye macho yake hayakosi kitu, aliona jambo. Upande mmoja ulikuwa unapungua na upande mwingine ulikuwa unajaa. Japar alifanya kazi kweli, jasho lilimtoka, lakini alichokitoa kulia alikisogeza kushoto, na lile gari lilibaki limezungukwa kuanzia madirishani mpaka chini. Kila mkewe alipokaribia lile zulia la plastiki, Japar alijitokeza mbele yake na kumwambia apumzike, hilo ni zito, atalitoa yeye.

Wala Burulai hakuhitaji kuuliza. Sababu aliijua tangu zamani.

Gari lilikuwa la Turat, kaka mkubwa wa Japar, ambaye Burulai, akiwa mke wa mdogo mtu, kwa desturi hakuwahi kumtaja kwa jina. Humwita aliyesafiri. Mwaka kiwanda cha sukari kilipofungwa, aliyesafiri alichukua mke na watoto akaenda Urusi kutafuta kazi. Pale getini, begi begani, alisema, "Gari langu lisiguswe mpaka nirudi." Akautia ufunguo mfukoni, akaondoka. Kwa kina Japar, neno la kaka mkubwa halijadiliwi.

Vuli iliyofuata viazi vilizaa vibaya sana, kwa maana vilizaa kuliko walivyoweza kubeba. Asubuhi moja likaonekana uani tela jipya la kufunga nyuma ya trekta ya jirani, lenye magurudumu manne mazuri. Japar alisema ameyapata kwa mtu sokoni. Burulai aliyatazama yale magurudumu, akatazama mlango wa banda uliokuwa umefungwa mchana mweupe, akaenda kuosha viazi.

Tangu hapo vitu vilianza kuingia bandani na havikutoka. Turat alipopiga simu siku za sikukuu, Japar alituma salamu zake akiwa mlangoni, kwa kuwa kila mara kulikuwa na ng'ombe wa kwenda kuangaliwa. Alikuwa hajazungumza na kaka yake mdomo kwa sikio tangu vuli ile.

Siku ya tatu asubuhi Japar alikwenda kutafuta mafuta ya kulainisha bawaba. Burulai akaingia bandani peke yake. Alisogeza gunia moja la sufu kutoka kwenye dirisha la nyuma la gari, akafuta vumbi kwa mkono wa sweta, akachungulia.

Ilikuwa pale, kwenye kiti cha nyuma. Mbao za bluu, maua mekundu yaliyopauka, na vile vitambaa vya watoto wote waliolala humo vikining'inia kwenye mti wa juu.

Alimwita Bibi Zuura, na bibi akaja kwa mkongojo, akabandika pua kwenye kioo. Akasema sasa anakumbuka. Aliyelala humo mwisho ni kitindamimba wa Turat. Turat alikuwa ameirudisha na gari lake siku chache kabla ya kusafiri, na katika zile pilikapilika za kufunga mizigo hakuna aliyeishusha.

Japar aliporudi na kopo la mafuta aliwakuta wanawake wawili wamesimama kando ya gari, na uso wake ukabadilika. Walipomwonyesha, alitazama ndani kwa muda mrefu.

"Ufunguo anao kaka," alisema.

Burulai akasema wapasue kioo. Japar akasema kioo cha gari la kaka yake hakipasuliwi. Burulai akasema wampigie basi. Japar akasema leo kaka yuko kazini, na kesho pia. Kisha, akiangalia kopo lake la mafuta, akasema kwamba ile nyekundu ya Narin, kwa kweli, ukifikiria, mtoto mwenyewe hajui rangi.

Simu ikalia bakulini. Alikuwa Sairakan, akisema tu kwamba muuzaji anauliza, amuuzie mtu mwingine au vipi.

"Mwambie auze," alisema Burulai. Aliporudi bandani alizungumza polepole.

"Mtoto wa kwanza wa Sirga nilimnunulia kofia, akaondoka. Huyu sikumwandalia hata uzi. Nimekaa kimya na mikono yangu magotini mpaka amefika. Sasa amefika, na kitanda chake kiko hapo, naweza kukiona. Mpigie kaka yako."

"Mama Sirga, wewe hujui."

"Nini nisichokijua? Kwamba gari limekaa juu ya matofali?"

Japar akaliweka kopo la mafuta chini.

"Nimejua tangu vuli ile," alisema Burulai. "Lile zulia la plastiki nani alikupa? Nilikupa mimi. Ulikuwa unazunguka na blanketi lenye tundu, unatafuta namna ya kufunika upande huu, nikakuonea huruma. Na magunia ya sufu nani alisema yawekwe bandani, wakati darini pako wazi? Miaka yote hii ninakupa vitu vya kujifichia, na watu wanasema mke wa Japar ni mchafu, banda lake limemshinda."

Japar aliketi kwenye ndoo. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, na masikio yalimwiva kama ya mtoto aliyekutwa na kijiko kwenye asali. Alijaribu kueleza kwamba viazi vingeoza. Burulai akamwambia anajua, viazi alivila pia. Akamkumbusha kwamba magurudumu hayo hayo ndiyo yaliyobeba sanduku na magodoro ya Sirga alipoolewa, na hayakumwaibisha. Kisha akaenda dirishani, akatoa simu kwenye bakuli, akamwita, akampa.

Turat alipokea upesi. Bibi Zuura alitaka kusikia, kwa hiyo simu iliwekwa sauti ya juu, dirishani, na wote watatu wakaizunguka. Japar alisalimia. Aliuliza afya, aliuliza kazi, mke, watoto kila mmoja kwa jina lake, hali ya hewa ya huko, na angeuliza na hali ya hewa ya juzi kama mama yake hangemchoma ubavu kwa mkongojo. Akasema ana mjukuu. Turat alifurahi sana, akapiga kelele kumwambia mtu mwingine huko alikokuwa.

"Kaka," alisema Japar. "Kuhusu gari."

"Enhe, gari."

"Halina miguu."

Upande wa pili mashine fulani ilikuwa inanguruma kwa mbali. Kisha Turat akauliza, "Hilo tela linavutika vizuri?"

Japar akageuza shingo polepole kumwangalia mama yake. Bibi Zuura alikuwa anaangalia mawingu.

"Mama aliniambia vuli ile ile," alisema Turat. "Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe. Kila sikukuu nasema, leo ataniambia. Kila sikukuu unakwenda kuangalia ng'ombe. Nikadhani una ng'ombe mgonjwa kuliko wote duniani."

Japar alicheka, lakini kicheko kilimtoka vibaya, ikabidi ajifute macho. Alisema samahani, kaka. Turat akasema viazi ni viazi. Kisha akauliza wanalitakia nini gari, na Burulai, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa kwa heshima, akamnong'oneza mumewe aseme habari ya ufunguo.

"Ufunguo?" alisema Turat. "Ule niliupoteza kwenye treni, kabla hata sijavuka mpaka. Wa nini? Mlango ule haujawahi kufungika kwa ufunguo, umekwama tu. Hamkujaribu kuvuta?"

Walitazamana. Miaka yote hiyo hakuna aliyejaribu kuvuta.

"Ulisema lisiguswe," alisema Japar.

Turat alicheka mpaka akakohoa, na walimsikia huko akimsimulia mtu, na mtu huyo naye akacheka. Aliporudi alieleza. Kitasa kinainuliwa juu, kinavutwa kuja kwako, halafu unaupiga mlango kwa nyonga chini ya kitasa, pigo moja la nguvu, kama unamsogeza ng'ombe anayekataa kukamuliwa.

"Siyo wewe, Japar," aliongeza. "Wewe huna nyonga. Shemeji yupo hapo?"

"Abee, shemeji," alisema Burulai.

"Basi kazi ni yako."

Waliliondoa zulia la plastiki, na magunia, na kila kilichokuwa kimesimama pale. Gari likabaki wazi, dogo, la rangi ya maziwa, limekaa juu ya matofali kama kuku anayeatamia. Hakuna aliyecheka. Japar alikwenda upande wa pili akalishika kwa mikono miwili lisianguke. Bibi Zuura alitema jibini lake, aombe dua vizuri.

Burulai alifunga kilemba upya. Akainua kitasa, akakivuta kwake, na kitasa kikakubali kwa urahisi, kana kwamba siku zote hizo kilikuwa kinangoja mtu. Akapiga nyonga. Gari likatikisika, matofali yakalalamika, mlango haukufunguka. Akasikia Japar upande wa pili akisema taratibu, mama Sirga, taratibu, naye akamjibu kwamba muda wa taratibu ulipita siku aliyoirudisha televisheni bandani. Akarudi nyuma hatua, akajitupa tena.

Mlango ukafunguka kwa kishindo, na harufu ya sufu ya zamani na petroli ikamjia usoni. Kwa ule mtikisiko beshik ilikuwa imeanza kubembea peke yake, na kwa imani ya watu wao beshik tupu haiachwi ibembee, humletea mtoto balaa. Burulai akaingiza mkono upesi, akaishika, ikatulia.